Tuliyemsingizia Kufunga Mvua

Saa tatu kamili asubuhi mpima mvua alikuwa anaondoka, awe wapi awe na nani. Kama alikuwa anakunywa uji, uji ulibaki mezani. Kama ulikuwa unamsimulia habari za mgonjwa wako, mgonjwa alisubiri. Alisimama, akajikung'uta magoti, akasema, "Naenda kusoma," akakata njia hadi nyuma ya ofisi ya kata, ambako ndani ya kiuzio cha waya kulikuwa na kipimamvua chake: mkebe wa shaba uliochomekwa ardhini, na ndani yake chupa ya kukinga maji. Aliyamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na maji, akaandika. Kama haikunyesha, alichuchumaa vilevile, akaandika sifuri.

Jumapili misa yetu ilianza saa mbili na nusu, kwa hiyo saa tatu ilimkuta katikati ya mahubiri. Padre mmoja aliyekuwa mgeni alimwona akiinuka Jumapili tatu mfululizo akaumia moyo. Akamfuata nyumbani kumuuliza ni neno gani la mahubiri lililomkwaza. Mpima akamwambia hakuna, mahubiri ni mazuri, ila hajui yanaishaje. Tangu siku ile padre akawa akimwona anainuka anasema, "Haya, mpima ametoka, nami nimalizie." Waumini tulimshukuru sana, maana padre yule alikuwa mtu wa maneno.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikumuuliza, na Wafipa wenzake ukiwauliza ukoo watakueleza mpaka jua lizame. Mimi mwenyewe si mtu wa juu huku. Nimekulia Kipili, ziwani, samaki wa migebuka nawajua kuliko mahindi. Mahindi niliyasomea chuoni. Nikapangiwa kazi ya bibi shamba kwenye kata ile iliyo ukingoni mwa uwanda, pale ambapo ukisogea kidogo unaona bonde lote la Rukwa chini yako, na njia ya kushukia Ilemba. Nyumba niliyopewa ilikuwa jirani na yake. Kwa miaka mingi nilimwona kila siku, na bado mtu yule alikuwa ananishangaza.

Kwanza, alikuwa hatumii maneno ya kawaida. Ukimwambia, "Mzee, jana mvua ilikuwa nyingi," anakutazama kama uliyetukana. "Nyingi si kipimo," anasema. "Ilikuwa kumi na mbili nukta nne." Mke wake alishazoea. Alinisimulia kwamba walipokuwa wachumba alimuuliza anampenda kiasi gani, naye akajibu kwamba hana chombo cha kupimia. "Nikajua basi, huyu hatanidanganya," mama yule akasema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Shambani kwake vilevile. Kule juu watu hulima matuta ya duara yanayoitwa intumba. Mvua zikielekea mwisho unafyeka nyasi, unazikusanya, unazifukia ndani ya tuta zioze ziwe mbolea. Kila mtu anayainua kwa jicho. Yeye aliyainua kwa kamba. Alifunga fundo kila baada ya hatua, akatembea na kamba shambani huku mkewe anamsubiri na jembe begani, na mpaka amalize kupima, majirani walishalima na kurudi nyumbani. Matuta yake yalipendeza, lakini ulezi wake haukuzidi wa mtu yeyote.

Karibu na mkebe ule kulikuwa na kibanda cheupe chenye miguu minne na kuta za mbao zilizopangwa kwa mianya, ndani kukiwa na vipimajoto. Wageni wote walidhani ni mzinga wa nyuki wa serikali. Mwaka mmoja nyuki nao wakadhani hivyohivyo. Waliingia kundi zima. Mtu mwenye akili angewasha moshi awafukuze, lakini mpima alisema moshi utaharibu joto. Wiki nzima alifungua kile kimlango, akasoma kipimo, akafunga, akarudi kwetu uso umevimba macho hayaonekani. Nilichungulia daftari lake. Alikuwa ameandika: "Nyuki. Kipimo kimesomwa."

Msiseme alikuwa mtu wa sayansi tupu. Shuleni aliwafundisha watoto radi ni kitu gani, umeme wa mawinguni na kadhalika, kwa ufasaha kabisa, mpaka mwalimu mkuu akampigia makofi. Kwake nyumbani mvua ikianza kunguruma alikuwa wa kwanza kugeuza kioo ukutani, kufunika sufuria zinazong'aa na kuamuru mtu yeyote asivae nguo nyekundu. Nilimkuta siku moja amekaa kitandani miguu juu, amejifunika kabuti. Nikamkumbusha alichowaambia watoto. "Nilichowaambia ni kweli," akasema. "Lakini bibi shamba, hii ni Sumbawanga, huku radi zinatumwa."

Na Wasukuma, wale waliokuja na ng'ombe wao wakakaa kule bondeni, walimpenda kuliko sisi. Kwao mtu anayeshughulika na mvua ni mtu mkubwa. Mmoja alipanda mlima kutoka Ilemba na kondoo mweusi, akamkabidhi, akaomba mvua ianzie upande wake. Mpima akamweleza kwa upole kwamba yeye anaandika tu iliyokwisha kunyesha. Msukuma akasikiliza, akatikisa kichwa, akaona mzee huyu anajua kupatana bei. Baada ya siku nne alirudi na kondoo wawili.

Basi miaka ile ya soko huria ikaingia, na mambo yakabadilika haraka. Malori ya wafanyabiashara yakawa yanapanda moja kwa moja mpaka vijijini kununua mahindi. Chama cha ushirika kikasinzia, halafu kikalala kabisa. Zamani chama ndicho kilicholeta mbegu na mbolea; mazao yakiharibika ulilalamika, ukaletewa nyingine. Sasa mbegu ilikuwa dukani Sumbawanga, na aliyejikamua akanunua mara moja hakuwa na cha kununulia mara ya pili. Watumishi nao wakawa wanapunguzwa. Barua ya kumpunguza mpima ilifika asubuhi, nikiwa pale. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akatazama saa, akainuka.

"Unakwenda wapi, mzee? Si wamekuachisha?"

"Wameniachisha mimi," akasema. "Mvua hawajaiachisha."

Akaendelea hivyohivyo bila mshahara. Kadi za vipimo za kila mwezi aliendelea kuzijaza na kuzituma, ingawa hakuna aliyejibu. Mimi nilimwona kama mtu aliyechanganyikiwa kidogo, mwenye kuhurumiwa. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na baiskeli ya serikali, na nilikuwa na miaka ishirini na sita. Hivyo vitatu vikikutana, mtu haambiliki.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ilikuwa siku moja kabla ya mkutano wa kijiji wa kufungua msimu. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Mpima alikuja kwangu amevaa kabuti, na ndani ya kabuti ameficha madaftari mawili.

"Bibi shamba, kesho utawaambia nini watu?"

"Mvua ya kwanza, mbegu ardhini," nikasema. "Kama kalenda ya wizara inavyosema."

"Ngoja nikuonyeshe kitu."

Akafungua daftari la zamani, kurasa zimekuwa rangi ya chai, akawa ananionyesha kwa njiti ya kiberiti. "Hii hapa mvua ya kwanza. Siku ya tatu yake, ipo. Ya tano, ipo. Mbegu ikiota inakuta maji. Umeona? Sasa tazama la miaka hii." Akafungua lile jipya. "Mvua ya kwanza, ipo. Halafu?"

Nikatazama. Sifuri. Sifuri. Sifuri, zimeshuka mpaka chini ya ukurasa.

"Ingekuwa mwaka mmoja ningenyamaza," akasema. "Mwaka mmoja hausemi kitu. Lakini inajirudia, bibi shamba. Zamani mvua ikija ilikaa. Siku hizi inabisha hodi, ukifungua mlango haipo, inakuja tena baadaye sana. Sijui kwa nini. Nadhani hali ya hewa yenyewe inahama. Waambie wasubiri. Mvua irudi mara ya pili, mara ya tatu, unyevu uingie ardhini kiganja kizima. Hapo ndipo wapande."

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mzee wangu, kazi yako kupima. Kushauri ni kazi yangu."

Akafunga madaftari. "Sawa," akasema, akaenda zake. Na mimi nikafurahi! Nikajiona nimemkomesha.

Kesho yake nilisimama mkutanoni nikapaza sauti: mvua ya kwanza, mbegu ardhini, anayechelewa asije kunililia. Watu wakapiga makofi. Siku tano baadaye mvua ikanyesha, nzuri kweli, ardhi ikanukia, na kata nzima ikawa shambani. Mbegu zote za dukani zikafukiwa kwa siku mbili. Zikaota. Kijani kila mahali, nikawa napita na baiskeli yangu napungia watu mkono.

Halafu mvua ikakata.

Wiki ya kwanza watu walisema inapumzika. Wiki ya pili majani ya mahindi yakaanza kujikunja. Ya tatu yakawa kama tumbaku, ukiyashika yanavunjika. Mama mmoja mjane alinishika mkono njiani akaniuliza, kwa adabu tu, sasa apande nini. Nilipanda baiskeli nikakanyaga haraka kama ninayechelewa mahali, na hakuna mahali nilipokuwa nakwenda.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja: nani amefunga mvua.

Nilikaa mbele, penye viti vya watumishi. Nilingoja mtu aseme, "Si bibi shamba ndiye aliyetuambia tupande?" Hakusema mtu. Bibi shamba alikuwa amesoma, alikuwa wa serikali, na alikuwa amesema kilichosemwa miaka yote. Macho yakaanza kuhama taratibu kuelekea nyuma ya ofisi, kwenye kile kibanda cheupe. Mzee mmoja akasimama akasema kile kitu kina mianya, upepo unaingia hautoki, na mawingu hufuata upepo. Mwingine akasema mkebe wa shaba unameza maji kila mwaka na hakuna aliyewahi kuona unayarudisha. Mtu mwenye kufanya kazi bila mshahara, akaongeza wa tatu, analipwa na nani?

Mwenyekiti akamgeukia mpima. "Mzee, tueleze. Ulijua kwamba mvua itakata?"

Mtu mwingine yeyote angekana. Angesema, "Nitajuaje mimi?" akaenda nyumbani kula. Lakini yule alikuwa hawezi kusema uongo hata kwa dawa.

"Niliona kwamba huenda ikakata," akasema.

"Aliona!" Watu wakalipuka. "Aliona akanyamaza!"

Hapo akanitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu, mara moja. Nami nikatazama viatu vyangu. Nilivitazama mpaka nikawa naujua kila uzi. Nilijua kinachotakiwa: kusimama na kusema maneno matatu, aliniambia mimi nikakataa. Nikawaza kufukuzwa, nikawaza baiskeli, nikawaza Kipili watasema nini. Mpima akageuza uso wake, akamwambia mwenyekiti, "Sina la kuongeza."

Kijiji kikaazimia. Kimlango cha kibanda kifunguliwe, kibaki wazi usiku na mchana, mvua iliyofungwa itoke. Na mkebe uinuliwe, ugeuzwe kichwa chini. Walikwenda wote kushuhudia, akina mama wanapiga vigelegele. Mpima akafungua kimlango mwenyewe kwa heshima zote, akageuza mkebe, kisha akatoa daftari akaandika. Nilisoma baadaye: "Mlango wazi kwa azimio la kijiji. Vipimo visitumike."

Na siku tatu baadaye, jamani, si ikanyesha! Tena ikakaa. Shauri likaisha, mpima akaruhusiwa kufunga kimlango na kurudisha mkebe. Hakuna mtu yeyote Ufipa nzima ambaye angewaambia watu wale kwamba haikuwa kimlango. Mahindi hayakurudi, walioweza walipanda maharage, wengine walishuka bondeni kuomba vibarua kwenye mashamba ya mpunga. Tangu hapo kila mawingu yakichelewa, ujumbe wa wazee unakwenda kwa mpima kumwomba afungue. Naye anafungua, anaandika.

Mwaka uliofuata alikuja tena kwangu, kabuti lilelile, madaftari yaleyale, kana kwamba hakujatokea kitu. Safari hii nilimpa kiti na nikanyamaza. Mkutanoni nikawaambia watu wasubiri mvua irudi, wachimbe waingize kiganja, na wasipande shamba lote siku moja. Sikusema nimeyatoa wapi. Walinung'unika, lakini walinisikia, maana nilikuwa bibi shamba. Mvua ya kwanza ikaja ikaondoka, mashamba yakiwa matupu, na ile ya kweli ilipofika ikawakuta na mbegu mkononi. Walivuna. Wakaniletea jogoo mkubwa mwekundu kwa kunishukuru. Nilimla, na alikuwa mtamu. Huo ndio ukweli na ninauonea aibu mpaka leo.

Miaka ikaenda. Mpima alizeeka, mkewe akafariki, binti yake akamchukua akaishi naye Sumbawanga mjini, nyuma ya soko. Mimi nikabaki na kata yangu. Nilikuwa nimebakiza misimu michache kustaafu nilipoitwa mjini kwenye semina. Mtaalamu kijana alituonyesha picha ukutani, akatueleza kwamba hali ya hewa ya dunia inabadilika, kwamba huku kwetu mvua za kupandia zinachelewa na kukatika katikati, na kwamba mkulima apimiwe unyevu wa udongo kabla ya kupanda. Wenzangu waliandika kwa bidii. Mimi nilishindwa kuandika. Nilikuwa namwona mzee na njiti yake ya kiberiti mezani kwangu. Mapumziko ya chai yalipofika nikachukua bodaboda mpaka nyuma ya soko.

Nilimkuta uani ana ungo mapajani, anachambua maharage. Macho yalishapungua nguvu, anachambua kwa vidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bibi shamba huyo. Sauti imenenepa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza semina yote. Alisikiliza, akauliza maswali mawili ya maana ambayo hata mtaalamu hakuulizwa. Alionekana kufurahi, na furaha ile ikanizidi. Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, kilemba kichwani.

"Mzee, siku ile mkutanoni. Kwa nini hukunitaja?"

Vidole vikaendelea na maharage. "Wangekufukuza."

"Nilistahili."

"Ulistahili," akasema haraka, bila hata kuvuta pumzi. "Mke wangu alitaka nikutaje. Aliacha kukusalimia mpaka anakufa. Hukuona?"

"Nilidhani masikio yalikuwa yamemharibikia."

"Alikuwa anasikia panya akitembea darini." Akacheka kidogo, kisha akaweka ungo chini. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikuwa naona, lakini hawanisikilizi. Kwao mimi ni mtu wa kibanda. Wewe ulikuwa huoni, lakini wanakusikiliza. Ningekutaja, wangekuchukia wewe na mimi wangenichukia bado. Mwaka unaofuata nani angewaambia wasubiri? Nilihesabu hivyo. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Lakini nilihesabu."

Nilijifuta uso na upande wa khanga. Ili kupata la kusema nikamuuliza, "Na msimu huu je? Watu wananisubiri. Wapande lini?"

Aliurudisha ungo mapajani. Binti yake alitoka jikoni akatusalimia akarudi, na yeye bado anachambua.

"Sijui," akasema.

Sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake.

"Binti yangu ananisomea kurasa zote, mwaka kwa mwaka. Zamani kila msimu nilikuwa naupatia mwaka unaofanana nao. Huu haufanani na wowote. Waambie wagawe mbegu mafungu matatu, wapande kwa zamu, wasiweke zote ardhini. Zaidi ya hapo sijui."

"Nitawaambia, mzee."

"Na safari hii," akasema, akatafuta mkono wangu kwa kupapasa mpaka akaupata, "sema ni mimi niliyesema. Nikikosea, nikosee kwa jina langu."

Semina sikuirudia. Nilipanda gari la kwanza la kwenda kwetu, na Jumapili baada ya misa nikamwomba mwenyekiti anipe nafasi. Kata ilikuwa imekaa kwenye nyasi, wengine ni watoto wa wale wa mwaka ule, wengine ni walewale, mvi zimewajaa. Nikamtaja kwa majina yake yote matatu. Nikasema mahindi yalipokauka, aliyewapoteza ni mimi. Yeye alikuja kwangu siku moja kabla, akaniomba niwaambie wasubiri, nikamfukuza na madaftari yake. Kisha nikawaeleza habari ya mafungu matatu, kwamba ni yeye aliyeisema, kule anakoishi sasa mjini karibu na soko. Nikakaa chini. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyenizomea. Mama yule mjane, ambaye sasa alikuwa bibi wa kutembea na mkongojo, aliinuka kutoka nyuma, akaja polepole mpaka mbele yangu, akaniuliza kwa adabu ileile nyumba ya mzee huyo iko upande gani wa soko.